Platinum ya dola na Platinum ya Marekani: nimezibeba zote mbili

Mkuu, umesema umepewa ofa ya kadi ya Platinum ya kimataifa ya American Express, ile ya bili ya dola, na mwakani unahamia Marekani kikazi. Unauliza uichukue sasa au usubiri ya kule. Mimi nilikaa na hiyo ya dola miaka minne, kisha nikahamia Marekani nikachukua ya kwao, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha haraka: rangi ni ileile, na picha ya yule askari wa Kirumi ipo katikati. Lakini kila moja ina mkataba wake, na mkataba huo unafuata mahali kadi ilikotolewa. Wengi hapa mnasoma sifa za kadi ya Marekani mtandaoni, halafu mnadhani ya kimataifa itakuja nazo. Haiji nazo.

Ya Marekani thamani yake kubwa imo kwenye marejesho, yaani hela wanazokurudishia ukitumia huduma fulani. Ada yake ya mwaka ilikuwa dola 695 tangu 2021, na Septemba 2025 ikatangazwa kupanda hadi 895. Ili hela hiyo irudi, lazima uishi kule. Chukua Uber: unapewa dola 15 kila mwezi, na Desemba wanaongeza 20, jumla 200 kwa mwaka. Usipozitumia, mwezi ukiisha zimekwenda. Na ni kwa safari na chakula ndani ya Marekani tu. Niliwahi kukaa nje wiki tano mfululizo. Nikafungua programu nikiwa barazani mwa hoteli, salio la mwezi lipo, lakini safari ikalipwa yote kwa hela yangu. Zile dola 200 za ndege nazo ni kwa shirika moja la Marekani unalochagua mwenyewe, tena kwa ada ndogondogo kama za mizigo, si tiketi. Mtu anayeishi nje ya Marekani akiibeba kadi hii kwa ajili ya marejesho, anajipa hasara.

Ya dola haina mlolongo huo, na kwangu ilikuwa nafuu kichwani. Iliundwa kwa watu wanaoingiza kipato kwa dola, au wanaotembea sana na hawataki bili ibadilike kila sarafu ya kwao inapoyumba. Kama mshahara wako ni wa dola, sawa. Kama si wa dola, kila mwezi utanunua dola ili ulipe, na bili unailipa yote, kwa sababu hii ni kadi ya chaji: hakuna kulipa kidogo kidogo. Benki niliyokuwa natumia wakati huo ilikuwa inakata gharama ya kutuma kila mara. Hesabu gharama hiyo kabla hujasaini.

Jambo lililonishangaza ni manunuzi ya sarafu nyingine. Nililipa chakula cha jioni kwa yuro, na kwenye stetimenti nikakuta ada ya kubadilisha sarafu imewekwa juu yake. Platinum ya Marekani haina ada hiyo kabisa. Ya Uingereza inayo, asilimia 2.99. Kwa msafiri hiyo si hela ndogo.

Kwenye bima, hata hivyo, ya kimataifa ndiyo iliyonifaa. Mke wangu alishikwa na homa kali tukiwa safarini, saa nane za usiku. Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi, wakatuelekeza hospitali ya karibu, na matibabu yalikuwa ndani ya bima. Ya Marekani ina bima ya safari kufutika hadi dola 10,000 kwa safari moja, na kuna watu wa kukusaidia ukikwama, lakini bili ya daktari ukiwa nje ni yako. Nilipohama nilikata bima ya matibabu pembeni, na nakushauri ufanye hivyohivyo.

Launji za viwanja vya ndege zipo kwenye zote mbili, ila uliza kuhusu wageni. Tangu Februari 2023, mwenye kadi ya Marekani akiingia Centurion Lounge, launji za American Express wenyewe, na mtu mzima mwingine analipa dola 50, mpaka awe ametumia dola 75,000 kwa mwaka. Kadi za nchi nyingine zina masharti yake.

Sasa kwa hali yako, mimi ningeichukua ya dola leo. Sababu ni kwamba Marekani utafika huna historia ya mikopo, na benki za kule hazitakujua. American Express wana mpango unaoitwa Global Transfer: ukiwa na kadi yao angalau miezi mitatu na unalipa vizuri, unaomba kadi ya nchi mpya wakiangalia rekodi uliyonayo kwao. Mimi nilipita hapo. Utahitaji anwani ya kule, na usidhani kadi ya dola yenyewe inakujengea historia Marekani. Inakufungulia mlango kwao tu.

Halafu pointi unazokusanya kwa kutumia kadi. Hazihami zenyewe pamoja nawe. Akaunti ya zamani usiifunge mpaka uwapigie simu, wakwambie zinahamishwa kwa kiwango gani, na uzione kwa macho yako zimeingia kwenye mpya. Zikigoma kuhama, zipeleke kwenye shirika la ndege unalolitumia, ndipo ufunge.