Chama cha Kijani na mabunge ya majimbo Marekani
Wapo wanaodai kwamba Chama cha Kijani, chama cha watetezi wa mazingira, hakijawahi kushinda kiti katika bunge la jimbo lolote Marekani. Si kweli. Audie Bock, mgombea wake, alichukua kiti cha Oakland katika bunge la California Machi 1999, akimshinda meya wa zamani wa mji huo, Elihu Harris. Ulikuwa uchaguzi mdogo: hakuna aliyevuka nusu ya kura duru ya kwanza, na sheria ikampeleka duru ya pili mgombea aliyeongoza kwa kila chama, hata mwenye kura chache; ndivyo Bock alivyofika huko. Ila alikihama Chama cha Kijani kabla ya uchaguzi wa 2000, akaanguka. Kwa uchaguzi wa kawaida mtaje John Eder wa Portland, Maine: alishinda 2002, akarudi 2004, akashindwa 2006.