Maswali ya Wasomaji: Nakanyaga Kila Siku, Mbona Naachwa?

Barua za waendesha baiskeli mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, watu wanachoka kila siku lakini hawasogei. Nimechagua tano, nyingine zisubiri zamu. Na yule aliyeuliza kama ni lazima anyoe miguu, ndugu yangu nyoa ukipenda, ukianguka kidonda kitasafishika vizuri na plasta haitaondoka na nywele.

Shikamoo Mzee Pedali. Mi nina miaka 29, nina miezi nane kwenye baiskeli na sijawahi kukosa mazoezi, kila siku baada ya kazi napiga kilomita 40 kwa nguvu zote mpaka nikifika nyumbani miguu inatetemeka. Juzi nimeingia mashindano yangu ya kwanza, kilomita 80, nikaachwa kilomita ya 22, yaani mbio hazijaanza hata. Kulikuwa na kona halafu upepo wa ubavuni, nikashtukia naona migongo tu inaenda. Nimemaliza wa tatu kutoka mwisho. Rafiki yangu anasema magurudumu yangu ni mazito ninunue mepesi. Ni kweli?
*Aliyeachwa*

Marahaba mwanangu. Pole, halafu hongera maana ulimaliza. Mi mashindano yangu ya kwanza niliachwa mapema kuliko wewe, nikageuza nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu nimepata pancha. Pancha yenyewe hakuna. Akaiangalia ile tairi iliyojaa upepo tele, akaniangalia na mimi, akanyamaza.

Magurudumu tuyaache kwanza. Gramu mia mbili tatu kwenye tambarare huwezi kuziona, uzito unauma mlimani, na hata huko chupa moja ya maji uliyoijaza ni zaidi ya nusu kilo na hakuna anayeilaumu. Kwenye tambarare adui ni hewa, na hewa ina hesabu mbaya sana, nguvu unayohitaji kuisukuma inapanda kwa kipeo cha tatu cha spidi. Maana yake ukitoka spidi 30 kwenda 36 umeongeza asilimia 20 tu, lakini hewa inakudai kama asilimia 73 zaidi. Ndo maana aliyejibanza vizuri nyuma ya mwenzie anaokoa kama theluthi ya nguvu zake, na aliyezama katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi ya hapo, anapiga stori wakati wewe pale nje unatoa ulimi.

Sasa nakisia ulikuwa umekaa wapi ile kilomita ya 22. Mkiani. Si ndiyo? Wageni wote tunakaa mkiani kwa sababu panaonekana salama na hatutaki kumsumbua mtu, kumbe ndo mahali penye kazi kubwa kuliko pote. Kwenye kona wa mbele anapunguza kidogo anapita, wa katikati anagusa breki, wa mwisho anakaribia kusimama kabisa, halafu wa mbele ameshaondoka zamani na wewe inabidi ukimbie kama mwizi kuziba pengo. Kona kumi ni spirinti kumi ambazo mwenzio wa mbele hajapiga hata moja. Halafu ukaja huo upepo wa ubavuni, hapo kivuli cha upepo hakiko tena nyuma ya mtu, kimehamia pembeni yake, kwa hiyo waendeshaji wanajipanga mshazari kukatiza barabara na barabara ikiisha waliobaki wanajipanga mstari mmoja pembezoni bila cha kujificha, mmoja anakatika na wote walio nyuma yake wanakatika naye. Haukuachwa na miguu yako peke yake, ulipokaa ndo palikuponza. Ukiona mbele kuna kona au barabara inageuka kiasi upepo uje ubavuni, panda mbele dakika kadhaa kabla, sio wakati kila mtu anapanda.

Kama unabisha kuhusu hewa, kamuulize marehemu Laurent Fignon, bingwa wa baiskeli wa Ufaransa. Mwaka 1989 Tour de France, yale mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, ilifika siku ya mwisho anaongoza kwa sekunde 50, imebaki kilomita 24.5 za kukimbizana na saa, kila mtu peke yake, kutoka Versailles mpaka Paris. Mpinzani wake Greg LeMond akafunga vile vishikio vya mbele vya kulalia viwiko na kofia ya kukata upepo, Fignon akaenda kichwa wazi, mkia wake wa nywele unapepea. LeMond akashinda Tour nzima kwa sekunde 8, baada ya zaidi ya kilomita 3,000! Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, kunja viwiko, shusha mgongo, na hiyo jezi inayopepea kama tanga ibadilishe.

Tuje kwenye kilomita 40 za kila siku, na hapa nakugombeza. Wewe hufanyi mazoezi mwanangu, wewe unashindana na jana. Kila siku unatoka na uchovu wa jana, kwa hiyo ile "nguvu zote" sio nguvu zote tena, ni nguvu zilizobaki, haifiki ugumu wa kukujenga na haishuki hadi wepesi wa kukupumzisha, inaelea hapo kati miezi nane. Chukua siku mbili tu kwa wiki ziwe ngumu kweli, kwa mfano upashe mwili dakika 20, halafu dakika 4 za kukanyaga mpaka huwezi kusema zaidi ya neno moja moja, pumzika kwa kukanyaga taratibu dakika 3 au 4, rudia mara nne, nenda nyumbani. Siku nyingine mbili tatu ziwe nyepesi kiasi kwamba ukipigiwa simu na mama yako asijue uko kwenye baiskeli (simama ndo upokee lakini), mojawapo iwe ndefu, saa tatu hivi. Siku zinazobaki baiskeli ikae. Kanyagia gia nyepesi, mizunguko 85 mpaka 95 kwa dakika, magoti yatakushukuru.

Najua siku nyepesi zitakuuma kuliko ngumu. Utapitwa na mtu mwenye kikapu na roho itakuuma vibaya sana, mwache apite. Wiki ya mashindano kata muda wa mazoezi nusu nzima, bakiza vipande viwili vitatu vifupi vya nguvu ili miguu isilale. Nisubiri barua yako ya pili.

Mzee, mimi kilomita 60 za kwanza nakuwa mfalme, wenzangu wananiomba nipunguze, ikifika 70 nazima kama taa, mikono inatetemeka, natamani kulia, mara moja nilikaa chini ya mti nikawa sijui hata nimekaa kwa nini. Nina tatizo la moyo?
*Mfalme wa Sitini*

Kama kuna maumivu ya kifua au ulianguka na kupoteza fahamu, daktari leo, acha kusoma gazeti. Ila unavyoelezea hivi inafanana na njaa tu. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unatosha kama saa moja na nusu mpaka mbili za kukanyaga kwa nguvu, baada ya hapo unabaki na mafuta, na mafuta yapo mengi hata kwa mtu mwembamba lakini yanatoka taratibu, hayawezi kulipia spidi ya kifalme. Na ubongo wenyewe unaishi kwa sukari hiyo hiyo, ndo maana ulikaa chini ya mti hujui kwa nini.

Kula kabla hujasikia njaa. Anza nusu saa ya kwanza, wakati bado unajiona mfalme na unaona kula ni udhaifu. Gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, jeli moja (ile pakiti ndogo ya sukari laini ya kufyonza) mara nyingi ina kama 20 hadi 25, ndizi moja ya wastani inakaribia hapo hapo, na kinywaji chenye sukari kinahesabika. Safari ikizidi saa mbili na nusu wengine wanafika 90 kwa kuchanganya glukosi na fruktosi, maana kila moja ina mlango wake wa kuingilia kwenye utumbo, lakini tumbo nalo linafundishwa, ukienda kulijaribu siku ya mashindano utasimama vichakani mara nyingi kuliko ulivyopanga. Na punguza mwanzoni basi, hao wenzio wanaokuomba upunguze sio wajinga.

Nina miaka 61, nimestaafu, wanangu wamenizawadia baiskeli ya mbio. Nikiipanda natabasamu peke yangu kama mtoto ila majirani wanacheka. Je kwa umri huu mwili bado unaweza kupokea mazoezi au nijiendeshee tu kupunga upepo?
*Mstaafu Mwenye Tabasamu*

Kaka yangu karibu sana, na majirani wacheke tu, kicheko hakitoboi tairi. Kulikuwa na Mfaransa mmoja akiitwa Robert Marchand, aliyezaliwa 1911, mtu wa kawaida tu asiye mwanariadha wa kulipwa, aliyeirudia baiskeli akiwa ameshapita 60. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha saa moja uwanjani akapata kilomita 24 na kitu. Mwaka 2014, ameongeza miaka miwili, akapata karibu 27! Katikati hapo alikuwa anafundishwa na mtaalamu wa fiziolojia, Véronique Billat, na walipompima uwezo wake wa kutumia oksijeni ulikuwa umepanda kutoka mililita 31 mpaka 35 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, asilimia 13 hivi, mwili wa zaidi ya miaka mia moja. Na alifanyaje? Asilimia 80 ya mazoezi mepesi, 20 magumu. Aliyeachwa kama unasoma hapa, soma tena.

Kwa hiyo mwili unapokea. Mpitie daktari kwanza kama una miaka hujatoa jasho, anza na nusu saa, mara tatu kwa wiki, jipe siku nyingi za mapumziko kuliko kijana maana kupona ndo kunakochelewa, na mara mbili kwa wiki nyanyua kitu kizito kwa sababu baiskeli haiijengi mifupa kama kutembea na kubeba. Kupunga upepo nako ni sababu tosha, nani kasema kila mtu lazima ashindane.

Naona aibu kuuliza ila vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi na huku chini nako napata michubuko mpaka sikai vizuri kazini. Nimenunua siti laini ya sponji nene imezidi kuwa mbaya.
*Asiyekaa*

Usione aibu, wote tumepita huko. Siti laini inakudanganya dukani, ukikaa saa moja mifupa inazama na sponji inapanda juu kubana pale pasipotakiwa, tafuta ngumu kiasi inayolingana na upana wa mifupa yako ya kukalia. Bukta ya baiskeli yenye sponji ndani inavaliwa bila chupi, narudia bila chupi, ile mishono ndo inayokuchubua, na ukifika nyumbani ivue hapo hapo, usikae nayo unasimulia safari. Angalia na urefu: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuyumba. Ikiwa juu mno unakuwa unajisugua kushoto kulia kila mzunguko, ikiwa chini mno magoti yatauma kwa mbele.

Vidole vya mwisho ni mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo, unaukandamiza na kiganja. Legeza viwiko, badilisha mahali unaposhika kila dakika chache, na pima upepo wa tairi, watu wanajaza mpaka baiskeli inaruka ruka kama jiwe wakidhani ndo spidi. Kama pua ya siti imeinama chini nayo inyooshe, inakusukumia uzito wote mikononi. Ganzi ikibaki hata siku ambazo huendeshi, hapo kamuone daktari.

Mzee wangu, mimi na mume wangu tulianza baiskeli pamoja miaka minne iliyopita, tulikuwa tunasimama kuangalia ndege, tunapotea njia tunacheka. Sasa ana saa, ana mita ya kupima wati, yaani nguvu anayokanyagia, ana mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, tukitoka haongei, anaangalia namba tu, nikimuonyesha kitu anasema "niko kwenye intavo", yaani vile vipande vyake vya kukanyaga kwa nguvu. Jumapili iliyopita alikasirika kwa sababu nilimpita mlimani wakati saa imemwambia asizidi mapigo 139. Nifanyeje?
*Mwenza wa Zamani*

Dada yangu nimecheka lakini nakuonea huruma. Kwanza hiyo 139 nina wasiwasi nayo, nadhani amechukua 220 akatoa umri wake halafu akapiga asilimia, fomula ambayo inaweza kumkosea mtu kwa mapigo kumi au zaidi juu ama chini. Mwambie kama anataka namba basi azitafute vizuri, dakika 20 za kukanyaga kwa nguvu zote anazoweza kuzishikilia, achukue wastani wa wati atoe asilimia 5, mipango yake aijenge juu ya hapo. Mpe na hiyo kazi, itamchukua wiki nzima na atakushukuru.

Sipingi namba, mimi mwenyewe ninayo hiyo mita na inanizuia nisijidanganye. Lakini namba ni za siku zake ngumu mbili, akienda peke yake, na huko asisumbuliwe. Siku zake nyepesi ndo zako. Mueleze kwa lugha anayoielewa, kwamba kipimo cha siku nyepesi ni kuweza kuongea sentensi nzima, kwa hiyo akinyamaza amekosea mazoezi. Saa ikae mfukoni, ataiona jioni. Njia uchague wewe, na msimame kwenye ndege.

Mlimani usipunguze. Mpite, halafu umsubiri juu.