Charles hakusamehewa, alizoeleka

Mkuu, umeuliza kama kashfa ya ndoa inaweza kumkosesha mrithi kiti cha ufalme, na wengi wamekujibu kwamba Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, "alisamehewa". Mimi nasema hakusamehewa. Alizoeleka.

Nilifika Uingereza 2003, kazi yangu ya kwanza ikawa kutunza wazee majumbani. Bibi mmoja kusini mwa London alikuwa katundika jikoni sahani ya ukumbusho wa harusi ya Charles na Diana, Julai 1981. Diana anang'aa. Uso wa Charles umebandikwa plasta, ile ile ya kidonda. Nilidhani sahani ina ufa. "Hapana," akaniambia, "simtaki aniangalie nikila."

Hasira yake haikuanza 1997 Diana alipofariki Paris. Ilianza Juni 1994, Charles alipokaa na mtangazaji Jonathan Dimbleby kwenye televisheni akakiri kwamba alitoka nje ya ndoa, ila baada ya ndoa yenyewe kuvunjika. Minong'ono ilikuwepo, hata maongezi yake ya simu na mpenzi wake Camilla yalishachapwa magazetini mwaka mmoja nyuma. Lakini minong'ono mtu anayempenda mwana wa mfalme anaweza kuikataa. Akijisemea mwenyewe, utamtetea vipi? Novemba 1995 Diana naye akasema kwenye Panorama, kipindi cha televisheni ya BBC, kwamba ndoa yao ilikuwa ya watu watatu, na bibi akabandika plasta.

Sasa angalia mzigo ulimwangukia nani. Kiti kile kinakwenda kwa kuzaliwa, hakipigiwi kura. Hata mfalme Edward VIII aliyejiuzulu 1936 hakuondolewa na raia. Serikali ya waziri mkuu Baldwin ilikataa amuoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyeachika, naye akachagua mwanamke. Basi raia wakamgeukia Camilla. Alipoolewa Aprili 2005 ilibidi itangazwe kwamba mumewe akitawala, yeye hataitwa malkia. Hata cheo cha Princess of Wales, cha mke wa mrithi, ambacho Diana alikuwa nacho na sasa kilikuwa haki yake, hakukitumia. (Mwanamume ndiye aliyekiri, lakini haya, tunajuana.) Siku ya harusi bibi aliniambia nizime televisheni hadi zianze mbio za farasi za Grand National, ambazo nazo zilikuwa zimesogezwa kidogo kuipisha harusi. Alilalamika mpaka jioni.

Baada ya hapo hakuna kikubwa kilichotokea, na ndiyo dawa yenyewe. Camilla alifungua hospitali, akakata utepe, akanyamaza. Juni 2012, sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Elizabeth, mama yake Charles, mumewe Prince Philip yuko hospitali, Camilla akapanda gari la farasi pamoja na Malkia. Bibi aliangalia lote. Plasta ilikuwa imeshadondoka kwa mvuke wa birika. Nikauliza nibandike nyingine? "Acha, chai inapoa."

Hakuishi kuona Februari 2022, Malkia mwenyewe alipotamka kwamba anataka Camilla aitwe malkia, wala kutawazwa kwao Mei 2023.

Novemba mwaka huo wawili hao wakafika Mombasa, wakapandishwa tuktuk pale Fort Jesus. Huko Kenya, waliokuwa na hasira na Charles walidai aombe radhi kwa mateso ya wakati wa Mau Mau. Ya Diana hayakuwa hoja. Dada yangu aliyeolewa huko akanitumia sauti WhatsApp: "Kaka, hivi huyu mama wa kwenye tuktuk ndiye yule aliyemliza Diana?"

Nikamjibu ndiye.

"Mbona bibi wa watu tu."