Mbegu nayo huota moto kwanza

Mwezi wa sita mwaka juzi nilimfokea kijana wa duka la pembejeo mbele ya wateja wake, na nilikuwa nimekosea. Tuseme nusu. Nusu nyingine ya kosa ilikuwa yake, lakini kwa jinsi nilivyoingia nikipayuka, haki yangu niliiacha mlangoni, nikatoka mikono mitupu na aibu juu.

Kisa kilikuwa mbegu za hoho. Nilinunua vifuniko viwili. Wanaolima bustani hapa Mbeya wanajua ninachosema: muuzaji anafungua kopo la mbegu, anakuchotea kwa kifuniko cha soda, anakufungia kwenye kipande cha gazeti, unaondoka. Ni nafuu kuliko kopo zima, na kwa mtu mwenye matuta manne nyuma ya nyumba kama mimi, kopo zima la nini? Nikatengeneza kitalu, nikasia, nikatandaza nyasi juu, nikawa namwagilia kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu yakatoka magugu. Siku ya 24 nikajifunga kitenge changu kizuri, nikapanda daladala kutoka Igawilo hadi mjini kwenda kudai haki.

"Mbegu zako mbovu," nilimwambia. Hata salamu sikutoa.

Naye bila kuinua macho kwenye simu: "Mama, hizo hizo wamechukua wengi, na zimeota. Labda mkono wako."

Mkono wangu! Watu wawili watatu waliokuwa wakisubiri mbolea wakacheka. Nikasema niliyoyasema, na siyaandiki hapa kwa sababu wanangu wanasoma. Kijana akanyoosha kidole ukutani, palipoandikwa kwa rangi nyekundu: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Pembeni yake lilikuwepo bango jingine, la maua maua, limeandikwa "Mteja ni mfalme". Nikashangaa mwenye duka aliyatundika siku moja au alibadilisha mawazo katikati.

Jioni alikuja Bibi wa jirani. Si bibi yangu wa damu, ila mtaa mzima tunamwita hivyo. Alinisikiliza, akainama kwenye kitalu, akachomeka kidole hadi kiungo cha pili, akakiacha humo kidogo, kisha akakitoa na kukipuliza kama aliyeshika barafu. "Mwanangu," akasema, "hapa hata wewe ukilala hutaota."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini Bibi hakuwa anatania sana. Mbegu nayo, alisema, huota moto kwanza ndiyo iote. Sisi Juni na Julai tunakaa na masweta, tunakumbatia jiko la mkaa, halafu tunachukua mbegu ya hoho, mmea wa nchi ya joto, tunaifukia kwenye udongo uliolala na baridi usiku kucha, tukitegemea iamke siku ya saba kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Hoho hupenda udongo wa nyuzi joto 25 hadi 30. Chini ya 15 inasuasua, na ikikaa sana kwenye unyevu wa baridi inaoza kimya kimya, hujui hata siku iliyokufa. Na huku kwetu, miezi hiyo, usiku kushuka chini ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida.

Hili la makopo linahitaji kusemwa taratibu, maana ndilo linalotupoteza wengi. Maelezo ya kwenye kopo, na ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu zetu, havijui unaishi wapi. Mji wa Mbeya uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni mita kama 500 tu. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama sita hivi, kwa hiyo mtu wa Kyela na mimi, ambao tunaweza kuonana kwa safari ya asubuhi tu, tunalima kwenye dunia mbili. Yeye ana kokoa na mpunga, mimi nina kabeji na viazi mviringo. Ukikatiza Usangu unakuta joto na majaruba ya mpunga. Ukipanda Kitulo unakuta ukungu na maua, na huko watu hawaulizani kama kuna baridi. Ndiyo maana mahindi yetu ya nyanda za juu, kama mbegu ya UH6303 iliyotoka kituo cha utafiti cha hapa Uyole, yanakaa shambani miezi mingi, wakati ndugu yako wa Pwani anakupigia simu kwamba ameshavuna na anakuuliza wewe una tatizo gani.

Redio nayo. Ukisikia "mvua za vuli zinaanza Oktoba" usikimbilie jembe. Vuli na masika ni za wenzetu wa kaskazini na Pwani, wenye misimu miwili ya mvua. Sisi tuna mmoja, unaoanza kuelekea mwisho wa Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei inakula kidogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kwa kanda, na wetu wanauita wa mvua za msimu. Sikiliza huo. Nimewahi kusia mahindi kwa mvua moja ya mwisho wa Oktoba, ile inayokuja na radi kubwa halafu inapotea wiki tatu. Kunguru walishukuru.

Turudi kwenye hoho. Kwenye kile kipande cha gazeti zilikuwa zimebaki mbegu kidogo. Bibi akanifundisha: hesabu kumi, ziweke kwenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, kunja, tia kwenye mfuko wa nailoni, weka karibu na jiko pale pasipoungua lakini penye uvuguvugu. Kila siku angalia kitambaa kisikauke. Nikasubiri wiki mbili.

Kati ya kumi zikaota nne.

Hapo ndipo nilipoelewa ugomvi wangu. Kama baridi peke yake ndiyo ingekuwa mkosaji, pale jikoni zingeota nane au tisa. Kama mbegu peke yake, hata zile nne nisingeziona. Kopo lile lilikuwa limekaa wazi kwa muda nisioujua, pengine kwenye rafu ya dirishani inayopigwa na jua mchana kutwa, na mbegu ni kitu hai: joto na unyevunyevu vinaichosha. Kijana aliniuzia mbegu zilizochoka, mimi nikazizika kwenye jokofu. Lakini ningemthibitishia vipi? Risiti sina. Jina la mbegu sina. Tarehe ilibaki kwenye kopo lake. Nilichokuwa nacho ni kipande cha gazeti chenye habari za mpira.

Tangu siku ile sinunui kwa kifuniko. Matuta yangu ni manne bado, ila tunachanga watu watatu mtaani, tunanunua kopo au pakiti iliyofungwa, tunagawana mezani kwangu. Pakiti naiangalia pande zote: kama ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kama tarehe inasomeka. Vitunguu naviangalia mara mbili, maana mbegu yake haidumu. Ya nyanya ikitunzwa pakavu inaweza kukaa miaka mitatu minne, ya kitunguu mwaka mmoja tu na tayari imeanza kukusaliti. Kisha najaribu kumi kwenye kitambaa kabla ya kugusa jembe. Zikiota chini ya saba, narudi dukani siku hiyo hiyo, si baada ya siku 24.

Na nimerudi kweli. Aprili mwaka jana, duka jingine, pakiti ya vitunguu. Kwenye kitambaa ikaota moja kati ya kumi, nayo imepinda kama inaomba radhi. Nikaigeuza pakiti, nikaona kibandiko cha bei kimekaa mahali pa ajabu. Nikakibandua taratibu kwa mvuke wa chai. Chini yake tarehe: ilikuwa imepita miezi mitano.

Moyo ulipanda, sikufichi. Lakini safari hii nilimeza mate. Sikwenda Jumamosi wakati duka limejaa wanunuzi wa mbolea. Nilikwenda Jumanne saa nne asubuhi. Nilibeba pakiti, kibandiko, risiti, na kile kitambaa na mbegu zake ndani ya sahani iliyofunikwa, kama mtu anayepeleka futari. Nikamsalimia binti wa kaunta, nikaulizia mwenye duka. Hayupo. Atarudi saa ngapi? Hajui. Basi nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa: "mwenyewe hayupo" tunaisikia kama "nenda nyumbani". Mimi nilikuwa na shati la kushonea vifungo, nikatoa sindano, nikashona. Haikufika nusu saa mwenyewe akatokea kutoka mlango wa nyuma. Nadhani alikuwepo muda wote.

"Shikamoo baba," nikasema, maana alikuwa mtu mzima. "Sikuja kugombana. Naomba unibadilishie hii." Nikafunua sahani.

Aliangalia mbegu, akaangalia kibandiko, akamwangalia binti. Hakuniomba msamaha, wala sikuungoja. Alileta pakiti mpya, nikasoma tarehe mbele yake, akaniongezea na ya chainizi. "Ndaga fijo, mama," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayetaka uondoke. Nikaondoka. Niliporudi mwezi uliofuata, vibandiko vya bei vilikuwa vimehamia upande wa mbele wa pakiti.

Kuna jambo nililofanya bila kulipanga ambalo sasa nalifanya makusudi: nilisema ninachotaka. Siku ya hoho sikuwa nimejua nataka nini. Pesa? Mbegu? Kijana akiri? Mtu akija kwako akifoka bila ombi, hata ukitaka kumsaidia huoni pa kuanzia. Nami nina wateja wangu, wanaoleta gauni na kusema "hujanitendea haki" badala ya "kiuno kinabana". Nawajua.

Lile bango la kutorudisha bidhaa lisikutishe sana. Ukibadili mawazo kwa sababu rangi haikupendezi, sawa, huna hoja. Ila bidhaa mbovu ni habari nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na jina lake la kibiashara, inamlinda mlaji pia, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Kwa pakiti ya shilingi elfu tano hutakwenda huko, na mimi sijakwenda. Kwa mbegu ya mahindi ya eka tatu, ambayo ukipoteza msimu hakuna msimu wa pili, piga picha lebo, tunza mfuko, wahi kwa ofisa ugani wa kata akaone shamba lenyewe kabla hujalima upya. Ukishafukia ushahidi umefukia kesi.

Si kila kitu nimeshinda. Bomba langu la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, lilianza kuvuja wiki ya pili. Nilikuwa na risiti, nilisalimia, nilikaa kwenye kiti, nilirudi mara nne. Kila mara fundi "anakuja kesho". Mara ya tano nililifunga mwenyewe kwa mpira wa tairi la baiskeli, na linavuja kidogo tu, begani. Nauli ilikuwa imeshakaribia bei ya bomba. Kuna wakati unapiga hesabu unaacha.

Sasa ni Julai tena. Kwenye matuta nina kabeji, karoti na njegere, ambazo baridi haizisumbui. Hoho nitazisia mwishoni mwa Agosti kwenye makopo ya siagi, ndani, dirisha la upande wa jua. Wasiwasi wangu ni viazi vya tuta la chini, kule bondeni. Hewa ya baridi hutiririka usiku kama maji na kutuama huko, ndiyo maana sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, hupiga majani ya chini na kuyaacha meusi wakati ya karibu na nyumba yamepona. Kukiwa na mawingu huwa sihangaiki, yanatufunika kama blanketi. Kukiwa kweupe na upepo umetulia, ndiyo hatari.

Nimetoka sasa hivi kuangalia. Nyota zimejaa kama mtu kamwaga mchele, na hakuna jani linalotikisika. Viroba vya kufunikia viazi viko kibandani. Bibi ameshaanza kufunika vyake, namsikia anakohoa upande wa pili wa ua.