Barua kwa mwanangu: Trela la watu kumi, na mimi nilale wapi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliuona juzi usiku baada ya Isha. Umeandika: "Mama, tumepata trela la kambi linalolaza watu kumi. Sisi ni wanane pamoja na wewe. Tulichukue?" Halafu ukaniwekea picha kumi na nne, zote za mito na taa. Ya chini ya trela hata moja hakuna. Sikutaka kukujibu kwa simu kwa sababu utanikatiza katikati. Kaa na mkeo msome pamoja.

Nianze na hiyo kumi. Mwenye yadi hajasema uongo, ila anahesabu kama kondakta wa daladala za kwetu Tanga. Kitanda cha mbele, wawili. Dabodeka pana ya nyuma, wawili chini na wawili juu. Kochi linalokunjuliwa, wawili. Meza ya kulia ikishushwa na kupangwa mito yake, wawili. Kumi imetimia. Sasa ipeleke hiyo hesabu usiku wa manane. Kochi likikunjuliwa linaziba njia, kwa hiyo anayetaka choo inabidi aruke mtu. Tena lina mfereji katikati, na mfereji huo nimeulalia siku tatu, mgongo wangu unaukumbuka mpaka leo. Meza ikiwa kitanda basi meza hakuna, na anayeamka alfajiri kutaka chai anangoja waliolala juu yake waamke. Hicho cha mbele wanachokiita kwini, yaani kitanda kipana cha watu wawili, ni kwini ya trela: urefu wake inchi 74 au 75, si 80 kama chenu cha nyumbani. Wewe una futi sita na inchi mbili, ambazo ni inchi 74 kamili. Kichwa ukutani, nyayo ukutani.

Kwa hiyo usihesabu vitanda, hesabu watu kwa majina. Mimi nimewahesabu. Kifungua mimba wako ana miaka kumi na mitano na mabega ya baba yake. Binti ana kumi na mitatu, na wewe unajua msichana wa umri huo anavyotaka pazia. Mapacha wana tisa. Kitindamimba ana minne, na huyo hapandi kitanda cha juu hata kikiwa na ukingo. Onyo la kwamba mtoto chini ya miaka sita asilale juu limebandikwa hata kwenye dabodeka za dukani. Kisha mimi, nina magoti haya, siwezi ngazi.

Na mimi ni mkwe. Hili usilipite haraka. Katika picha zako kochi linatazamana na kitanda chenu, katikati kuna pazia la kitambaa. Mkeo atalalaje pale, mama mkwe yuko hatua tatu, anasikia kila akijigeuza? Hatasema kitu, amelelewa vizuri, lakini siku ya pili atakuwa na maumivu ya kichwa na siku ya tatu mtarudi nyumbani. Wala usijifanye mwema ukanipa kitanda chenu. Sikitaki.

Ninachotaka ni trela lenye chumba cha nyuma chenye mlango wake, mlango wa kweli si pazia, ndani yake dabodeka pana chini na juu. Hapo mimi nalala chini na kitindamimba, binti analala juu. Angalia kibandiko cha uzito kwenye hicho kitanda cha juu. Nimeona vilivyoandikwa paundi 150 na vilivyoandikwa 300, na kwa macho vinafanana. Mapacha walale mezani, wao bado wafupi na asubuhi wanaamka kabla ya kuku. Kifungua mimba mpe hema lake nje. Atafurahi kuliko sisi wote.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuniuliza, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Utalivuta na nini? Umeandika mstari mmoja tu, "pikapu yangu inavuta paundi 11,000, hakuna shida." Marehemu baba yako aliendesha malori hapa Marekani miaka kumi na tisa, na mtu akimtajia namba ya kwenye tangazo alikuwa anauliza, "Mlangoni imeandikwaje?" Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, kuna stika ina rangi ya njano. Imeandikwa kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Hiyo ndiyo namba yako. Trela halivutwi tu, linakalia gari pia: kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake inakandamiza nyuma ya pikapu, na uzito huo unahesabiwa kwenye stika hiyohiyo pamoja na wewe, watoto na mkaa.

Tufanye stika yako inasema 1,480, maana pikapu za aina yako nyingi ziko karibu na hapo. Trela uliloniletea limeandikwa mwisho wa uzito wake paundi 7,600. Likiwa limejaa, shingo yake, kile chuma cha mbele kinachoshikana na gari, itakandamiza kama 950. Ile mitalimbo ya kugawanya uzito inayofungwa kati ya gari na trela, ambayo usithubutu kusafiri bila hiyo, yenyewe ina kama 100. Zimebaki 430. Wewe tangu uoe umefika 210, usibishe, nimekuona Idi. Zimebaki 220. Kifungua mimba 140. Zimebaki 80, na hapo hujaweka jiko wala sanduku la barafu, na mkeo na watoto wanne na mama yako bado wamesimama barazani.

Kwanza hata viti havipo. Pikapu yako ina mikanda mitano. Ndiyo maana nashangaa watu wenye watoto wengi wanaanza na vitanda. Utasema basi tutafute gari kubwa la familia la viti vinane, tukae wote. Nimelipigia hesabu hilo nalo. Watu wazima watatu na watoto watano ni karibu paundi 1,000. Kama stika ya gari hilo inasema 1,650, toa watu, toa mitalimbo, zinabaki 550 za shingo, na hizo ni za trela la paundi 4,500 hivi lililojaa. Trela la uzito huo lenye chumba cha nyuma chenye mlango sijaliona. Familia yenyewe ndiyo inayokula nguvu ya gari.

Kwa hiyo mtakwenda na magari mawili, wewe na kifungua mimba kwenye pikapu, sisi wengine na mkeo kwenye gari lake dogo la familia, mizigo mizito nayo huko. Na hakuna mtu atakayepanda ndani ya trela likiwa barabarani, hata mapacha wakilia. Majimbo mengi yanakataza, na hata yangeruhusu yote, mimi nakataza.

Unajua kwa nini nimekaza hapa? Ulikuwa na miaka saba, tunashuka barabara kuu ya I-75 kupita milima ya Jellico kuingia Tennessee. Baba yako alikuwa amejaza tangi la maji kabisa nyumbani, galoni 40, kwa sababu mimi nilimwambia maji ya kambini siyaamini. Galoni moja ina paundi nane na kitu. Hiyo ni zaidi ya 330, kilo 150, na tangi lilikuwa nyuma ya magurudumu. Shingo ikawa nyepesi. Lori likatupita, trela likaanza kutikisa mkia kama mbwa aliyeona bwana wake. Ninyi mlidhani ni mchezo mkacheka. Baba yako hakukanyaga breki ya gari. Aliachia mafuta, akabana kwa mkono breki ya trela peke yake, taratibu, mpaka likanyooka. Akaingia kituo cha kwanza, akazima gari, akakaa kimya dakika kumi. Mtu wa malori yule! Toka siku hiyo maji tulijaza tukifika, na kabla ya safari tulipita kwenye mizani ya malori kituo cha mafuta. Si ghali, na wanakupa karatasi. Na wewe upite.

Huko kwenye hifadhi ya Great Smoky ambako umesema mnataka kuanza, soma masharti kabla ya kununua chochote. Kiwanja kimoja cha kambi watu sita tu. Sisi ni wanane, kwa hiyo ni viwanja viwili, trela liwe la watu kumi au ishirini. Na kambi yao ya Elkmont trela halitakiwi kuzidi futi 32, sasa hilo la kwako la 34 lingelala wapi? Hapo Elkmont umeme na maji ya kuunganisha havipo, bafu la kuogea halipo, vyoo vipo. Kwa hiyo wewe na kifungua mimba mtachukua kiwanja cha pili na hema, sisi sita tutakuwa ndani. Umeona hesabu ilivyobadilika? Ghafla trela la watu sita linatosha. Chakula msiweke hemani lakini, dubu wa huko wanajua kufungua vitu.

Mkeo ameuliza kuhusu lile trela la kukunjwa lenye mabawa ya turubai, kwa sababu ni jepesi. Ni jepesi kweli, na linalaza wengi. Tulikuwa nalo kabla hajazaliwa mdogo wako. Mvua ikinyesha unalikunja likiwa bichi, ukifika nyumbani ulikunjue tena uwanjani likauke, la sivyo linaota ukungu. Na siku tulipotaka kwenda hifadhi ya Yellowstone, baba yako akakuta kwamba kambi ya Fishing Bridge hairuhusu hema wala trela lenye kuta za turubai, kwa ajili ya dubu. Sina chuki nalo. Kwa watoto wadogo na mifuko midogo ni zuri. Kwa bibi mwenye magoti, hapana.

Mambo ya maji sasa, mkeo asome kwa sauti. Watu wanane wenye kutumia maji chooni na kutawadha, tangi la uchafu la trela la kawaida halimalizi siku tatu. Tutatawadha nje kwa kopo na beseni, na choo cha trela kiwe cha usiku na cha mimi. Nyie tumieni vya kambi.

Ukienda kuangalia, mtafute la mitumba la miaka mitano au sita, futi 26 hadi 28. Matrela mengi ya nchi hii yanaundwa kaunti ya Elkhart kule Indiana, mwendo wa saa nne hivi kutoka hapa Columbus, Ohio, na yadi za huko ni nyingi, huna sababu ya kumng'ang'ania huyu mmoja. Usivutwe na jiko wala televisheni. Vua viatu, tembea na soksi, pembe zote, hasa chini ya dabodeka na karibu na choo. Sakafu ikibonyea, vaa viatu uondoke. Sisi tulinunua moja limewekewa zulia jipya la plastiki, likanukia vizuri, na chini yake mbao zimeoza kama muhogo. Aliyetuuzia alikuwa ameshahama. Fungua makabati ya juu, nusa ndani. Pitisha kiganja ukutani kwa nje, ukisikia uvimbe, maji yameingia. Matairi tazama mwaka wake ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, na tairi la trela huzeeka likiwa limesimama.

Kisha mwambie muuzaji aurudishe ndani ule ubavu unaosukumwa nje kupanua nafasi trela likisimama, aufunge kabisa kama uko safarini, halafu jaribu kufika chooni. Na kwenye friji. Kuna matrela ambayo yakifungwa hivyo choo hakifikiki, na wewe una mtoto wa miaka minne na barabara ya saa saba.

Mwisho uwaite wote saba waingie kwa wakati mmoja, wapande kila mtu mahali pake, wafunge macho kama wamelala, halafu mwambie pacha mmoja aende chooni. Muuzaji atawashangaa. Mwache ashangae.

Kama unaona mzigo ni mkubwa, kodi kwanza wikiendi moja. Wapo wenye matrela wanaokuletea mpaka kambini na kulisimamisha, pikapu yako haiguswi. Ningekuwa wewe ningeanza hivyo Mei, kabla joto halijaja.

Nitumie picha ya hiyo stika ya njano leo jioni, na ile nyingine iliyo kwenye trela inayosema linabeba mizigo kiasi gani. Piga kwa karibu, macho yangu si ya zamani. Mkeo mwambie simlaumu kwa lolote, na lile godoro langu la sponji nitakuja nalo mwenyewe.

Mama yako