Pazia Lililokula Nusu Ukurasa

Skripti yangu ya kwanza ya filamu ilianza na pazia. Chumba kimoja mtaa wa Umoja, Nairobi, saa moja asubuhi, na kitenge kilichofumuka ukingoni. Nilieleza rangi, uzi unaoning'inia, vumbi likielea kwenye mwanga. Nusu ukurasa ukaisha kabla mtu hajafungua mdomo. Prodyusa aliisoma mbele yangu kwenye mkahawa mmoja katikati ya jiji, nami nikawa namwangalia macho. Yaliruka kutoka kichwa cha onyesho hadi mazungumzo, pazia akalipita kama kituo asichoshukia.

"Kaka, huyu dada anataka nini hapa?" akaniuliza.

Nikarudi nyumbani kwa hasira, nikafyeka kila kitu. Toleo la pili likasema: "Chumba. Asubuhi. REHEMA ameketi." Safari hii aliyenipigia simu ni dada anayepanga seti. "Rehema ana pesa ama hana? Nikifika soko la Gikomba ninunue nini?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo nilipoacha kujiuliza kama maelezo yangu ni mengi au machache, nikaanza kujiuliza anayasoma nani.

Msomaji wa kwanza ana rundo la skripti na simu inayolia. Huyo mpe mistari miwili, mitatu, kisha nafasi nyeupe. Ukurasa mmoja wa herufi za Courier, ukubwa wa pointi 12, huhesabiwa kuwa dakika moja hivi ya filamu, kwa hiyo nusu ukurasa wangu ulikuwa unamwambia atazame pazia kwa nusu dakika. Hata mama yangu mzazi hangevumilia.

Anayepanga bajeti ndiye aliyenifunza zaidi. Yeye hugawa kila ukurasa vipande vinane, halafu anapita na kalamu akitafuta gharama. Siku moja alizungushia duara maneno yangu mawili: "Mvua inanyesha." Akanihesabia kwa vidole: lori la maji, mipira, jenereta, na nguo kavu za kubadilisha kila tukirudia. "Hii mvua inafanya kazi gani?" Haikuwa na kazi yoyote, niliiweka kwa sababu nilikuwa na huzuni nilipoandika. Nikaifuta. Pazia langu lote na vumbi lake halikuzidi bei ya kitambaa cha mtumba, lakini maneno mawili yangemeza siku nzima.

Mpiga picha naye usimfundishe lenzi. Mwambie saa tu, na uwe mwangalifu nayo. Nairobi iko karibu na ikweta, jua likifika saa kumi na mbili na nusu jioni linazama upesi. Ukiandika "machweo" juu ya onyesho la kurasa tatu, umeituma timu nzima mahali hapo jioni kadhaa.

Waigizaji wanachukia "anainua nyusi, anameza mate". Mmoja alinionyesha nakala yake: sentensi hizo zote alikuwa amezikata kabla ya kukariri. Ila ukimpa mkono wake kazi, anakushukuru.

Kuna msomaji mwingine tunayemsahau, sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya Kenya ya 1962, Sura ya 222, inataka ombi la leseni ya kupiga filamu liandamane na maelezo kamili ya maonyesho. Usinenepeshe skripti kwa ajili yake. Mimi huyaandika maelezo hayo kwenye hati ya pembeni, na huko ndiko pazia langu limehamia na uzi wake wote.

Toleo lililokubaliwa lilikuwa hili:

"Chumba kimoja, Umoja. Pazia la kitenge limefumuka. REHEMA, 30, anachomoa pini kichwani, analibana pazia, kisha anahesabu sarafu za nauli. Anazihesabu tena."

Prodyusa hakuuliza Rehema anataka nini. Dada wa seti alijua anunue nini. Mwigizaji alifanya mazoezi na pini hiyo wiki nzima, nywele zikimwangukia usoni kila akiichomoa, na akaamua kuziacha hivyo hivyo.

Siku ya kupiga, mwongozaji aliweka kamera dirishani, ikitazama ndani. Pazia halikuonekana hata kidogo. Pini ilionekana.