Uwanja Utangulie Maduka, na Iandikwe Hivyo

Swali lenu la wiki: klabu ya mpira ikiomba eneo la wazi la mji ili ijenge kituo cha michezo chenye maduka, hosteli na bwawa la kuogelea, wakazi wakubali au wapinge? Jibu langu kutoka Arua, Uganda, ni kwamba wakubali, lakini uwanja wenyewe ukamilike kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Sharti hilo liwe ndani ya mkataba wa ardhi. Likibaki mdomoni mwa mwenyekiti wa klabu siku ya mkutano, halina kazi.

Tutazame pesa kwanza, maana ndizo zinazoeleza maduka yamefikaje kwenye mchoro. Ligi ya timu 16 huipa kila klabu mechi 15 za nyumbani. Wakija watazamaji 2,000 na tiketi ikiwa shilingi 5,000, mechi moja inaingiza milioni 10, msimu mzima milioni 150, na humo bado hujalipa ulinzi, basi wala mishahara. Maduka 150 yakipangishwa kwa shilingi 400,000 kwa mwezi yanaingiza milioni 720 kwa mwaka. Kwa hiyo benki itakayokopesha mradi huu itakuwa inakopesha maduka. Sioni ubaya wowote hapo. Klabu zetu nyingi zinaishi kwa mkono wa mfadhili mmoja, na akichoka timu inashuka daraja. Ubaya unaanza pale ardhi inapokuwa ya wote na kodi ya pango ikawa ya wachache.

Klabu ya Vipers walipojenga Uwanja wa St Mary's pale Kitende, nje kidogo ya Kampala, hawakuchukua kiwanja cha mji, na jirani wa mradi wa namna ile anabaki na maswali ya maji, magari na kelele tu. Eneo la umma ni jambo jingine. Nakivubo, uwanja wa Kampala uliofunguliwa 1926, ulibomolewa 2017 na kufunguliwa tena 2024 ukiwa umezungukwa na maduka. Leo una nyasi na viti, lakini miaka saba ni safari nzima ya mtoto kutoka miaka 12 hadi 19. Kampala ina viwanja vingine vya kukimbilia. Mji wenye uwanja mmoja hauna.

Sasa mkataba, na hapa naomba wasomaji wasiwe na haraka. Kwa kawaida bodi ya ardhi hutoa upangaji wa miaka 5 ya mwanzo, na mpangaji akitimiza sharti la ujenzi anaongezewa hadi miaka 49. Mtego umo katika maneno ya sharti lenyewe. Likisema tu kwamba mpangaji "ajenge jengo la kudumu lenye thamani fulani", basi safu ya maduka upande wa barabarani inatosha kulitimiza. Miaka 49 inapatikana na uwanja bado ni vumbi. Sharti litaje uwanja: vipimo vyake, jukwaa la watu wangapi, vyoo vingapi, na tarehe ya kukamilika. Liseme pia kwamba cheti cha kuruhusu maduka yatumike hakitatolewa kabla ya kile cha uwanja.

Jambo la pili ni hati moja kubeba kila kitu. Hati hiyo ikiwekwa rehani benki na mkopo ukashindwa kulipwa, benki itauza haki yote ya upangaji, maduka na uwanja kwa pamoja, na mnunuzi hana deni lolote kwa mpira. Dawa yake ni kuigawa ploti kabla ya kusaini. Sehemu ya maduka ipate hati yake, na hiyo ndiyo iruhusiwe kuwekwa rehani. Sehemu ya uwanja ibaki na jina la jiji, klabu ipewe haki ya kuitumia tu. Kuigawa mapema ni rahisi, lakini ikishasainiwa hati moja, kuitenganisha baadaye inaweza kuwa kesi ya miaka.

Mtazame pia jina lililo kwenye ombi. Je, ni la klabu, au la kampuni ya mfadhili? Ofisi ya usajili wa kampuni, URSB, inatoa taarifa za kampuni kwa ada ndogo, ikiwemo wakurugenzi na wanahisa. Mfadhili akihama, klabu ambayo jina lake halimo itahama bila hata kiti kimoja.

Nikifika kwenye mchoro, napenda watu wachukue kalamu wenyewe. Tuseme eneo ni ekari 8, yaani mita za mraba kama 32,400. Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukiuongezea nafasi ya pembeni, unahitaji 120 kwa 80, sawa na 9,600. Jukwaa la watu 5,000, pamoja na ngazi na njia, linachukua kama 3,000. Gari moja pamoja na nafasi ya kugeuzia linakula mita za mraba 25, kwa hiyo magari 200 ni 5,000. Zimebaki chini ya 15,000. Ukiahidiwa na njia ya riadha ya mita 400 yenye mistari minane, sehemu ya 9,600 inageuka kuwa kama 16,400, na kinachosalia ni ekari mbili hivi. Humo waingie maduka 150, hosteli, bwawa, vyoo, mitaro na njia ya gari la wagonjwa. Haviingii. Katika mabishano ya baadaye kitakachokatwa kwanza ni riadha, halafu uwanja wa watoto wa mazoezi, kwa sababu hivyo haviingizi kodi ya pango.

Maduka yakizunguka uwanja humeza milango pia. Kipimo kinachotumika sana ni watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana kwenye sakafu tambarare, na watu wote watoke ndani ya dakika 8. Kwa watu 5,000 unapata mita 7.6, kwa hiyo inatakiwa angalau milango saba ya mita 1.2, yote ikifunguka kwa nje na bila kufuli wakati wa mechi. Mchoro ukionyesha mageti mawili katikati ya maduka, ukatae siku hiyohiyo. Hata milango ikitosha, kuna wenye maduka watakaopanga magunia ya mchele na katoni njiani. Mkataba wa kila duka useme kwamba njia hiyo si stoo. Mahali watu wanapokufa uwanjani, mara nyingi ni mlangoni.

Mvua ndiyo inayowafikia majirani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa na lami za mita za mraba 14,000 zikipigwa na mvua ya milimita 40, mnapata lita 560,000, sawa na matangi 56 ya lita 10,000, ndani ya alasiri moja. Nyasi zilikuwa zinakunywa sehemu yake. Bati na lami havinywi. Uliza maji yanatokea wapi, kalvati ya huko ina upana gani, na kama kuna bwawa la kuyashikilia kabla ya kuyaachia polepole. Kama sehemu ya eneo ni kinamasi, hakuna bodi yenye mamlaka ya kuigawa, kwa maana Katiba ya 1995 imekiweka chini ya udhamini wa serikali kwa faida ya wote.

Ndani ya uwanja nako kuna kosa linalorudiwa: mashine zinashindilia muramu, ule udongo mwekundu wa barabara, nyasi zinatandikwa juu, na mvua ya kwanza kubwa inaacha dimbwi golini. Inatakiwa mitaro ya kina cha sentimita 50 hadi 60 kila baada ya mita 5 hadi 8, ndani yake bomba lenye matundu, kokoto, na kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe bomba, kisha mchanga juu. Uso uinuke kidogo katikati: mteremko wa nusu asilimia ni sentimita 17 tu kutoka katikati hadi mstari wa pembeni, na unatosha. Wakati wa kiangazi, Disemba hadi Februari, nyasi zikihitaji milimita 5 kwa siku mnahitaji lita 35,700, yaani jerikeni 1,785 za lita 20. Maji hayo yasitoke kwenye bomba la mtaa unaopanga foleni. Kiwepo kisima cha uwanja, na umeme wa pampu uwe kwenye bajeti. Nyasi bandia, kama zile za uwanja wa Lugogo, Kampala, hazidai maji kiasi hicho, lakini baada ya miaka 8 hadi 10 zinabadilishwa zote. Fungu la kazi hiyo litengwe kutoka kodi ya maduka kila mwezi, kwenye akaunti ambayo jiji nalo linatia saini.

Kuna watumiaji wa eneo la wazi wasio na barua ya kuonyesha: watoto wa saa kumi jioni, timu za wasichana, michezo ya shule, swala ya Idi, mama wanaouza chapati kando ya goli. Saa zao ziandikwe kwa siku na kwa wakati, na kiwanja cha kuwahifadhi kiwe tayari kabla uzio wa mabati haujasimama.

Mnaotaka kuanza wiki hii, mwandikieni karani wa jiji mkiomba rasimu ya mkataba, mchoro wa eneo, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa Sheria ya Mazingira ya 2019. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa siku 21 za kujibu, na haki hiyo ni ya kila raia. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nayo irudi nanyi nyumbani.

Msomaji wenu, Arua